Kiwango Kidogo cha Kasoro za Kuzaliwa Si Lazima Kiwe Habari Njema

Eneo linapotangaza kwamba ni watoto wachache mno wanaozaliwa humo wakiwa na kasoro, wengi hushukuru. Mimi huuliza kwanza ni nani aliyehesabu, na aliacha kuhesabu lini. Nchini Marekani, ambako rejista ya kasoro za kuzaliwa ya jiji la Atlanta imefuatilia watoto tangu mwaka 1967, takribani mtoto mmoja kati ya 33 huzaliwa na kasoro, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kwa dunia nzima ni asilimia 6. Eneo linaloripoti mtoto mmoja kati ya 500, basi, huenda halina jambo la kujivunia isipokuwa daftari lenye mapengo.

Mdomo sungura na mgongo wazi huonekana mara tu mtoto anapozaliwa, hata kwa mkunga aliye peke yake usiku. Moyo haujianiki hivyo. Kasoro za moyo huwapata watoto wapatao mmoja katika kila 100, lakini wengi wao huruhusiwa kwenda nyumbani wakionekana wazima, na ni baadaye tu mama anapogundua kwamba mtoto hutweta na kutokwa jasho kila anaponyonya. Ikiwa hesabu ilifungwa siku ya kujifungua, mtoto huyo ataendelea kuhesabiwa mzima, huku waliozaliwa wafu, ambao baadhi yao walikuwa na kasoro nzito kuliko zote, wakiwa hawakuandikwa kabisa.

Kosa la upande wa pili hutokea hospitali ya rufaa inapotoa takwimu zake zikachukuliwa kuwa za eneo zima, ilhali akina mama waliogunduliwa tatizo kwenye ultrasaundi ndio wanaopelekwa huko. Hapo kiwango hupanda, na uvumi wa sumu au laana hupata chakula chake.

Hata hivyo, ongezeko la kweli lipo, na historia imelionyesha kwa uchungu: dawa ya thalidomaidi, iliyoharibu mikono na miguu ya watoto tumboni wajawazito walipoimeza, iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1957 na kuondolewa sokoni Novemba 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani wakiwa wamekwisha kuathirika. Naamini kwamba rejista makini za viungo vya watoto wachanga zingeionyesha hatari hiyo mapema zaidi.

Kuhesabu kunahitajika pia ili kujua kama kinga inafanya kazi. Mfereji unaounda uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito, na ndiyo sababu asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mfereji huo kufunga, huongezwa kwenye unga badala ya kusubiri kliniki. Bila hesabu ya kabla na ya baada, hakuna atakayeweza kusema kama unga huo umepunguza mgongo wazi.

Ningependa kila eneo liandikishe vizazi vyote, hai na wafu, na kuwafuatilia watoto hadi watimize mwaka mmoja. Miaka ya mwanzo kiwango kitapanda kwa sababu tu macho yamefunguka, na viongozi waambiwe hivyo mapema, wasije wakaifunga rejista kwa aibu.