Wapelelezi wa Korea Wamenivurugia Biashara ya Chipsi

Huu ni mwaka wangu wa 11 wa kukaanga chipsi na kuku hapa Mbagala, na katika muda huo nimevumilia mengi: mafuta yanayopanda bei bila kupiga hodi, gunia la viazi ambalo robo yake ni udongo, na wateja wanaoagiza chipsi kavu za bei ya chini kabisa kisha wakamaliza chupa nzima ya tomato. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitadhalilishwa na askari wa Korea Kusini, ambao hata hawajui kama nipo duniani.

Chanzo ni mpwa wangu. Alikuja na simu yake akaniambia, "Mjomba, hii ni sinema ya polisi, lakini utaipenda kwa sababu inahusu kazi yako." Sinema yenyewe ni Extreme Job, iliyotoka Januari 2019, na inasemekana iligharimu kama won bilioni 6.5, ambazo kwa sinema za mapigano za Wakorea si fedha za kutisha. Nilipoiangalia niliamini, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo ilionekana kuishia kwenye kuku. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale jamaa wanaozungumza Kiswahili juu ya picha, naye alikuwa akicheka kabla ya vichekesho kufika, jambo ambalo lilinikera tangu mwanzo.

Steringi ni Ryu Seung-ryong, mpelelezi mtu mzima anayeongoza kikosi cha watu watano cha kupambana na dawa za kulevya. Ni kikosi kisicho na matokeo, na hata wanapomvamia mhalifu wanaogopa kuvunja dirisha kwa kuhofia gharama. Hapo nilimpenda, maana mtu anayepiga hesabu ya kioo kabla ya kurukia dirishani ni mwenzangu kabisa. Kisha wakaanza kulichunguza genge moja wakiwa wamejibanza katika duka la kuku lililoko mkabala na maskani ya genge hilo, na mwenye duka alipotangaza kwamba analiuza kwa kukosa wateja, mzee wa watu akachukua kiinua mgongo chake akalinunua, ili wapate mahali pa kukaa na kuchungulia.

Sasa sikilizeni dharau. Wateja wakaingia, wapelelezi wakalazimika kukaanga ili wasishtukiwe, na mmoja wao, ambaye wazazi wake wana mgahawa wa mbavu huko Suwon, akachukua ule mchuzi wa kuloweka mbavu akamwagia kuku. Foleni ikafika barabarani. Walipoona wateja wanawazuia kufanya upelelezi, wakapandisha bei ili watu wakimbie, na watu wakazidi kuja! Mimi mwaka jana niliongeza shilingi 500 tu kwenye robo kuku, na kwa wiki mbili nilikuwa nikisalimiwa na paka peke yao.

Mke wangu, aliyekuwa akiangalia begani kwangu, akaniuliza kwa upole unaoumiza, "Baba Zawadi, hawa wamekaanga kwa siku ngapi?" Sikumjibu. Nilijifanya namsikitikia yule mpelelezi mmoja aliyebaki akilifuatilia genge peke yake, ambaye anarudi dukani na kuwalalamikia wenzake kwamba wamekuwa wauza kuku. Kwa maoni yangu ndiye mtu pekee mle ndani aliyeheshimu mgawanyo wa kazi.

Nimeelezwa kwamba Wakorea waliicheka sana sinema hiyo kwa sababu kwao watu wengi wakistaafu, au wakiondolewa kazini mapema, hufungua duka la kuku, na maduka hayo yamebanana kiasi kwamba mengi hufungwa kabla karai halijapata weusi. Ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 16, katika nchi yenye watu kama milioni 51. Ningeuza paja moja tu kwa kila tiketi, leo ningekuwa ninayaandika haya kutoka ghorofani.

Mapigano ya mwisho sitayasimulia sana. Inajulikana ghafla kwamba wale wapishi ni hatari, huyu wa judo, yule wa ndondi za Kithai, na steringi anaitwa zombi kwa sababu alichomwa visu 12 akaendelea kupumua. Steringi hafi, hilo tunalijua tangu enzi za vibanda umiza. Nilichotaka kukiona ni tofauti: katika sinema nzima sikuona mteja hata mmoja akisema atalipa mwisho wa mwezi. Zombi au si zombi, ningependa kumwona akidai madeni.

Kesho yake mke wangu aliloweka kuku kwenye sosi ya soya, tangawizi na sukari. Mteja wa kwanza, fundi baiskeli ambaye hula kwangu tangu nianze, aliinua kipande akakigeuza mara mbili, kisha akaniuliza kama yule kuku alikuwa mgonjwa.

Siku hiyo hiyo walikuja vijana wawili wakakaa kwenye benchi langu. Waliagiza soda moja wakanywa kwa zamu tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, huku wakitazama ng'ambo ya barabara na kuandika kwenye daftari idadi ya watu wanaopita. Moyo ulinidunda kwa furaha. Niliwasogelea nikawaambia kwa sauti ya chini kwamba kazi yao naijua, siri yao ninayo, na kwamba kama mkuu wao ana kiinua mgongo, banda hili nitamwachia pamoja na karai, mitungi miwili ya gesi na benchi. Walitazamana, wakanishukuru, wakaondoka bila kumalizia soda.

Wiki iliyofuata walifungua banda la chipsi ng'ambo ya barabara. Jana jioni mke wangu alinipa noti akanituma nikaonje mchuzi wao, nami nilikuwa wa 9 kwenye foleni, nyuma ya fundi baiskeli.