Simu inaona jani, ugonjwa uko kwenye mzizi

Mwaka 2016 watafiti Mohanty, Hughes na Salathé walichapisha utafiti uliotikisa wengi: kompyuta iliyofunzwa kwa picha 54,306 za majani ya mazao 14 ilitambua magonjwa kwa usahihi wa 99.35%. Tarakimu hiyo ndiyo iliyosambaa. Iliyosahaulika ni nyingine ya humo humo: ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti na yale ya mafunzo, usahihi uliporomoka hadi takriban 31%.

Wanaoitetea teknolojia hii hawakukaa kimya. Watafiti walikwenda Bagamoyo kupiga picha za mihogo ikiwa shambani, na juhudi za aina hiyo zikazaa Nuru, programu ya simu ya mradi wa PlantVillage inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Tathmini iliyochapishwa 2020 iliipa 65%. Ni alama ya kawaida tu, mpaka uwatazame waliopimwa nayo: maafisa ugani walipata kati ya 40% na 58%, wakulima wenyewe 18% hadi 31%. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, Nuru ilifika 74% hadi 88%. Anayeibeza kwa kuwa haimfikii mtaalamu wa maabara aseme kwanza huyo mtaalamu anapatikana kijiji gani.

Hapo nakubaliana nao. Ila wapinzani wana hoja moja ambayo wingi wa picha hauitatui, nayo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi wa muhogo. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, hujianika: jani linajikunja, linakuwa na mabaka ya njano, hata mtoto ataliona. Michirizi hujificha. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, rangi ya njano ikifuata mishipa, huku majani machanga ya juu yakiwa safi kabisa. Zipo mbegu ambazo jani halionyeshi chochote cha maana, halafu siku ya kuvuna unamenya muhogo mnono na kukuta ndani umekauka na kuoza kikahawia. Kamera haipigi picha ya kilicho ardhini.

Kwa hiyo asilimia moja ya jumla inatupotosha, kwa kuwa makosa hayalingani uzito. Simu ikisema mmea usio na ugonjwa unaumwa, mkulima anapoteza shina moja. Ikisema mgonjwa ni mzima, anakata vipando (vipande vya shina vya kupandia), anapanda shamba zima, anamgawia na jirani. Virusi hivi havina dawa ya kunyunyizia. Vipando ndivyo vinavyovisafirisha mbali, mbali zaidi kuliko inzi weupe. (Watengenezaji wangetangaza kosa hili la pili peke yake, ugonjwa kwa ugonjwa, ningewaamini zaidi.)

Mimi ningeitumia simu kung'oa mashina yenye batobato mapema, bila kusita. Kuchagua vipando ni kazi nyingine: hapo nataka vilivyothibitishwa, au angalau mashina kadhaa yafukuliwe na mizizi ipasuliwe kabla ya kukata hata kipando kimoja.