Daftari lilijaa kwa sababu ziwa lilifungwa

Ripoti ya tathmini ya mradi mmoja unaowahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Kigoma Ujiji ina picha za rangi na grafu nzuri ya mahudhurio ya kituo chake. Grafu inaanza kupanda Mei 2024, inakaa juu Juni na Julai, kisha inaporomoka baada ya katikati ya Agosti. Chini yake wameandika kwamba kupanda huko ni dalili ya wanufaika kuukubali mradi. Kuhusu kuporomoka hawakuandika kitu.

Mtu yeyote wa Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa wa mji wetu, angewaeleza bila posho. Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka ule ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Dagaa wakikosekana hakuna wa kuanika wala wa kugeuza, hakuna gunia la kubeba, na hata mama ntilie wa mwaloni hana haja ya mtu wa kumchotea maji. Wanufaika waliokuwa wakipata elfu moja au elfu mbili zao kwa vibarua hivyo walikosa pa kwenda, wakaja kituoni. Kilichopimwa pale ni ukosefu wa kazi, na ukaandikwa kama mafanikio.

Niliomba kuliona daftari lenyewe la mahudhurio, wakanionyesha bila tatizo; wafanyakazi wa kituo ni watu wema na sina ugomvi nao. Ndani yake kuna vilima vingine vidogo, karibu kila mwezi. Anayejua uvuvi wa taa anavielewa: mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika siku kadhaa. Mwezi ukipungua, watu wanarudi mwaloni na daftari linapungua nalo. Mtathmini aliyetoka mbali na kompyuta yake alihitaji kalenda yenye siku za mwezi mpevu tu, ile inayotundikwa ukutani madukani.

Ninaloamini ni hili: kwa mtu mzima, mahudhurio makubwa kituoni si kipimo cha mradi mzuri, na mara nyingi ni kipimo cha kinyume chake. Mtoto akienda shule kila siku tunafurahi. Mtu wa miaka arobaini akishinda kituoni kila siku akipaka rangi michoro ya matunda, lazima tuulize anakosa nini kwingine. Kaka yangu ni mmoja wa wanufaika hao. Mimi humwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa wangu. Mtathmini alipofika nyumbani kwetu alimwita "huyu mtoto", akamgeukia mama kuuliza mtoto anapenda kula nini.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinazungumzia haki ya kuishi katika jamii na kuchagua kama watu wengine. Lakini huduma tulizonazo zimejaa upande wa watoto. Kuna vitengo katika shule za msingi, kisha mtoto anamaliza, anarudi nyumbani, na hapo ndipo orodha ya huduma inapoishia. Kuna chuo cha ufundi stadi cha serikali kwa watu wenye ulemavu kule Luanzari, Tabora, lakini hata huko si kila mwenye ulemavu wa akili ataiweza kozi. Kwa hiyo mradi wa watu wazima ni kitu adimu, na ndiyo maana nataka upimwe vizuri. Ukisifiwa kwa jambo lisilo lake, fedha za awamu ijayo zitafuata sifa hiyo.

Na ndivyo inavyoelekea kuwa. Pendekezo la kwanza la ripoti ni kujenga ukumbi wa pili. Yule binti wa mradi aliyekuwa akizunguka na baiskeli kutoka Gungu hadi Katonga amepewa sentensi moja. Nataka niseme habari zake kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa mradi wenyewe. Alikwenda na kaka mwaloni alfajiri, wakasimama pamoja, akamwonyesha jinsi ya kutandaza dagaa wasirundikane, akazungumza na mwanamke mwenye vichanja mpaka akakubali kumjaribu. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Halafu akaanza kupunguza: anafika anakaa mbali, anafika anaondoka, mwisho hafiki kabisa. Yule mwanamke sasa asipomwona kaka anatuma mtu kuuliza kulikoni. Si ndugu yetu na hakuna anayemlipa kuuliza. Ripoti haina mahali pa kumwandika, kwa sababu dodoso linauliza mnufaika amehudhuria shughuli ngapi za mradi, na kuanika dagaa za watu si shughuli ya mradi.

Kuna suala la kuwauliza wenyewe. Ripoti inajivunia kwamba wanufaika walihojiwa, na karibu wote walisema wameridhika. Tangu mwaka 1981 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Carol Sigelman walionyesha kwamba watu wengi wenye ulemavu wa akili, wakiulizwa swali la ndiyo au hapana, huelekea kujibu ndiyo, hata maswali mawili yanapopingana. Walipendekeza kumpa mtu mambo mawili achague, hasa kwa kutumia picha. Ongeza hapo malezi yetu ya Kigoma: mgeni amekuja na gari, amevaa fulana ya mradi, amekaribishwa kiti, nani atamwambia hapana? Kaka aliulizwa kama anapenda kituo, akasema ndiyo. Kama anapenda kukaa nyumbani, ndiyo. Kama muda wa kituoni uongezwe, ndiyo. Zikawekwa alama tatu za vema.

Baadaye nilimuuliza mwenyewe: kituoni au mwaloni? Akasema mwaloni. Siku nyingine nikageuza, mwaloni au kituoni, maana wapo wanaorudia neno la mwisho walilosikia. Akasema mwaloni, kule kuna hela, na akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga.

Tukija kwenye hela, ningependa mtathmini aulize swali moja ambalo hakuuliza mtu yeyote: laini ya simu inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la nani? Laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Asiye na kitambulisho hana laini, asiye na laini analipwa kupitia simu ya kaka, shemeji au mjomba, na kinachomfikia ni hisani ya mwenye simu. Mikopo ya halmashauri ndiyo hiyo hiyo. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ila Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu, na afisa mwenye hofu hutafsiri maneno hayo kwa upana anaotaka. Mwenye ulemavu wa viungo anapata nafasi ya kubishana. Mwenye ulemavu wa akili anaandikwa ili kikundi kitimie, na siku ya kugawana haitwi. Mradi uliomsaidia mtu kupata kitambulisho na kushika pesa yake mwenyewe umefanya kazi kubwa kuliko uliomlisha wali siku za maonyesho.

Najua watakaonipinga, na wa kwanza ni mama yangu. Yeye anakipenda kituo. Kaka akiwa kule, mama anaweza kwenda kliniki hospitali ya Maweni bila kuhangaika nani atabaki naye, anaweza kwenda msibani akakaa mpaka mwisho. Mama ni mzee na hilo si jambo dogo. Sioni kwa nini lisiandikwe waziwazi kama faida ya mlezi, kwa jina la mlezi, na lilipiwe. Kosa ni kulichukua pumziko la mama na kuliandika kama maendeleo ya mwana. Wapo pia wasioweza mwalo kabisa, wenye mahitaji mazito, wanaohitaji mtu wa kuwalisha na kuwageuza. Kwao kuhudhuria kuna maana nyingine, pengine kufika tu ni ushindi wa wiki nzima. Wakichanganywa na kaka katika grafu moja, hakuna hata mmoja wao anayeonekana.

Kwa hiyo ningewaandika mafungu mbalimbali, na kila jina likipotea katika daftari ningetaka kujua limekwenda wapi. Amepata kibarua? Anaumwa? Amefungiwa ndani kwa sababu wageni wamekuja? Pengo moja katika daftari linaweza kuwa habari bora kuliko zote za mwaka huo, au mbaya kuliko zote, na kulijua hakuhitaji ukumbi wa pili. Kunahitaji mtu mwenye baiskeli.

Kikao cha kujadili awamu ijayo kimepangwa kufanyika kituoni saa tatu asubuhi, na wanufaika wote wamealikwa. Saa tatu ndiyo saa dagaa wako juani wanageuzwa. Nimeomba kisogezwe hadi alasiri, wakishaanuliwa. Kama haiwezekani, basi waandaaji waje Kibirizi, viti tutaazima kwa mama ntilie.