Langston, wakili aliyepimwa rangi kabla ya kuapishwa

Jina la John Mercer Langston likitajwa, hutajwa kwa sentensi moja: Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Virginia katika Bunge la Marekani. Ni kweli, lakini kwangu huo ubunge ndio kipande kidogo kabisa cha maisha yake. Mimi hunasa kwenye ujana wake, alipokuwa akihangaika kutafuta pa kusomea sheria.

Alizaliwa Virginia mwaka 1829. Baba yake alikuwa Mzungu mwenye mashamba, mama yake mtumwa aliyeachwa huru. Wote wawili walifariki mwaka 1834, mtoto akapelekwa Ohio, na mwaka 1849 akahitimu Chuo cha Oberlin. Alipoomba nafasi katika shule ya sheria huko New York, mwenye shule akamnong'oneza njia: ajifanye Mfaransa au Mhispania wa kutoka Amerika ya Kusini, atapokelewa. Langston akakataa. Akaenda zake kujifunza sheria kwa mwanasheria Philemon Bliss, mjini Elyria, Ohio.

Mwaka 1854 akafaulu mtihani wa uwakili, na hapo ndipo kichekesho kilipo. Kujua sheria hakukutosha, ikabidi rangi yake ijadiliwe. Mahakama za Ohio zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba mwenye damu ya Kizungu zaidi ya nusu ana haki za Mzungu. Basi akatazamwa, akaonekana yumo, akaapishwa. Mlango alioukataa kwa hiari yake, mahakama ikamsukumia humo humo. Wapo watakaosema angegoma. Mimi nasema alifanya vyema kuichukua leseni, maana mwaka uliofuata wakulima wa Brownhelm, Wazungu, walimchagua kuwa karani wao, katika jimbo ambalo katiba yake ilimpa kura mwanamume Mzungu tu.

Uwakili wake unaonekana vizuri zaidi katika kesi ya mwaka 1862. Edmonia Lewis, mwanafunzi Mweusi wa Oberlin, alishtakiwa kuwawekea sumu wenzake wawili Wazungu ndani ya mvinyo. Watu walikwisha kumhukumu, hata akapigwa. Langston hakuomba huruma ya mtu. Aliuliza sumu iko wapi: nani alipima kilichotoka matumboni mwa hao wasichana? Hakuna aliyepima. Kesi ikaanguka, na Lewis baadaye akawa mchongaji sanamu mashuhuri huko Roma.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, Langston alianzisha kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, kisha akaiwakilisha Marekani nchini Haiti. Hayo nayapita.

Mwaka 1888 aligombea ubunge huku vigogo wa chama chake mwenyewe, Republican, wakimpinga. Vituoni wapiga kura Weusi walipangwa foleni yao peke yao, nayo ikaenda kwa mwendo wa kobe. Edward Venable wa chama pinzani, Democrats, akatangazwa mshindi. Langston akarudia kazi anayoijua: akakusanya ushahidi, akaufikisha Bungeni, akangoja. Tarehe 23 Septemba 1890 akapewa kiti kwa kura 151 dhidi ya 1, Democrats wakiwa wametoka ukumbini ili akidi isitimie. Muhula wenyewe ulimalizika Machi 1891.

Kesi alishinda, lakini miaka miwili ya ubunge ilikuwa imekwisha kuliwa ikabaki miezi isiyofika sita, na uchaguzi uliofuata akashindwa. Mbunge Mweusi wa pili kutoka Virginia, Bobby Scott, aliapishwa Januari 1993.