Sensa Nne na Shemeji Mmoja

Gari la marehemu baba mkwe lilinifikia na masharti mawili ambayo hayakuandikwa popote: nisiliuze, na nisimzuie shemeji yangu kulitengeneza. Sharti la kwanza halijawahi kunisumbua.

Ni gari la mwishoni mwa miaka ya tisini, lenye injini ya V6 iliyokaa kimapana. Silinda tatu zinatazama mbele, penye hewa na mwanga. Tatu nyingine zimesukumiwa ukuta wa kabini, na aliyezipanga pale bila shaka alijua kwamba si yeye atakayezifungua. Gari lenyewe linakwenda vizuri. Asubuhi linakohoa kidogo kabla halijaamka, lakini na mimi vilevile.

Siku taa ya njano ya injini ilipowaka, shemeji alifika kabla sijamwambia mtu. Nadhani ana namna ya kunusa. Alikuja na skana yake ndogo, akaichomeka chini ya usukani, akavaa miwani. Magari yote yaliyouzwa Marekani tangu 1996 hulalamika kwa namba zinazofanana, na watengenezaji wa kwingine wakafuata, kwa hiyo mkweche na gari la waziri wakiugua ugonjwa mmoja watasema neno moja. La kwetu lilisema maneno manne: P0135, P0141, P0155 na P0161. Tafsiri yake ni hitilafu kwenye saketi ya hita ya sensa ya oksijeni. Upande wa kwanza, sensa ya mbele na ya nyuma. Upande wa pili, vivyo hivyo.

"Zimekufa," shemeji akasema, akavua kofia.

"Zote nne? Siku moja?"

"Zilifungwa kiwandani siku moja, shemeji. Umri wao ni mmoja."

Hoja hiyo ukiitazama kwa mbali ina sura ya akili, na shemeji hakuruhusu mtu aisogelee.

Kwa asiyezijua, sensa ya oksijeni ni kidude kinachokaribiana na plagi kwa umbo, kinachofungwa kwenye bomba la moshi ili kionje mabaki ya oksijeni. Oksijeni ikizidi, kinatoa volti kama 0.1. Petroli ikizidi, kinapanda hadi karibu 0.9. Kompyuta husoma hizo volti, ikapunguza au kuongeza petroli ili hewa na petroli zibaki karibu na 14.7 kwa 1. Bosch ndio waliokileta sokoni mwaka 1976, na Volvo ndio wa kwanza kukifunga. Udhaifu wake ni kwamba kauri iliyo ndani haihisi kitu mpaka ifike joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana wakaitia hita ya umeme. Hita isipopata umeme, sensa inakaa ikisubiri moshi uipashe, na muda wote huo injini inakunywa petroli kwa kukisia. Hapo ndipo ilipotoka ile harufu iliyokuwa inatufuata kila tukitoka nyumbani.

Nikapendekeza tupime kwanza. Shemeji hakukataa, maana ana mita, na mwenye mita hakatai kupima. Akaanza na betri ya gari, injini ikinguruma. Mita ikasema volti 19.

"Betri imara hii," akasema kwa fahari.

Betri ya gari yenye volti 19 haipo, na chaji ya injini huwa 14 na ushee. Mita ndiyo iliyokuwa na betri chovu ndani, na mita ikiwa na njaa husoma juu. Nilimweleza. Akaigonga pajani mwake, akasema sasa imeshika adabu, tukazima injini, tukachomoa sensa ya mbele upande ulio wazi. Nyaya nne, mbili za rangi moja, hizo ndizo za hita. Mita ikasema omu 8. Hita iliyokatika ingeonyesha hakuna njia kabisa, omu chache ni dalili ya uzima.

"Inasema sensa ni nzima," nikamwambia.

"Hiyohiyo iliyosema betri ina 19?"

Nikakosa la kujibu. Tukageukia plagi ya nyaya ya upande wa gari, swichi ikiwa imefunguliwa, mahali panapotakiwa kuwa na volti 12 za kulisha hita. Mita ikasema sifuri. Shemeji akaitazama kwa huruma, akaizima, akairudisha kwenye mkoba.

"Imekata roho," akasema.

Mpaka leo naionea uchungu ile mita. Ilidanganya mara moja tu, halafu ikasema kweli mbili mfululizo, ikazikwa nazo.

Basi zikaletwa sensa mbili mpya, za mbele tu, kwa kuwa shemeji aliamua kwamba zile za nyuma ni wasimamizi na msimamizi anaweza kungoja. Hapa alikuwa na nusu ya ukweli, sensa ya nyuma kazi yake kubwa ni kukagua kama katalaiza bado inasafisha moshi. Nusu hiyo ilimpa nguvu ya siku nzima.

Ya upande wa wazi ilitoka kwa spana ya 22 na dua fupi. Shemeji alitaka kuipaka mpya ile grisi ya kuzuia kushikana kuanzia kwenye hesi mpaka kwenye ncha, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Nilimshika mkono. Grisi ni ya hesi peke yake, ncha ikipakwa sensa inazibwa pua kabla haijaanza kazi. Akaniambia mimi huwa naogopa vitu. Tukaikaza, tukapeana mikono, tukahamia upande wa pili.

Upande wa pili ndio niliozeekea.

Sensa ya kule haifikiki kutoka juu. Inafikika kutoka chini, ukiwa umelala chali, mkono mmoja umepita juu ya ekseli na mwingine nyuma ya manifoldi, shingo imegeuzwa pembe ambayo haina jina. Gari lilikuwa juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yamezibwa kwa matofali, kwa hilo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa kutu. Tulikuwa tumemwaga mafuta ya kulegeza kutu usiku uliopita na tukapasha injini kidogo ili bomba litanuke, lakini sensa ile ilikuwa imeshaungana na bomba kiasi kwamba kuitoa kulihitaji talaka. Soketi ya mpasuko, ile inayoacha nafasi ya waya kupita, ilipokazwa ikafunua mdomo na kuzunguka peke yake. Shemeji akazikata nyaya za sensa nzee ili tutumie spana ya pete. Akavipanga vipande vyote ukingoni mwa baraza, kwa sababu yeye hatupi kitu, kisha akaenda kutafuta bomba la kurefushia mpini.

Akakawia.

Mimi nikabaki chini, miguu tu nje, chembe za kutu zinanidondokea machoni nikawa nimeyafumba. Mara nikasikia nyayo zimekuja zikasimama karibu na goti langu. Kikohozi kidogo.

"Wee bwege," nikafoka, "ulikwenda kulifua hilo bomba? Chuchumaa hapo unimulikie, na usinitikise tochi kama kawaida yako!"

Kimya. Kisha mwanga ukashuka polepole, ukatulia mahali penyewe hasa, haukutikisika hata chembe.

"Hapa panatosha, baba?"

Mama mkwe.

Heshima ilinituma niinuke haraka nimwamkie. Chini ya gari heshima ya namna hiyo haina nafasi, nilipiga paji la uso kwenye chuma nikarudi nilipotoka. "Shikamoo mama," nikasema nikiwa nimelala, damu inatafuta njia ya kwenda sikioni.

"Marahaba. Endelea tu na kazi, bwege mwenyewe anakuja."

Hakuondoka. Alivuta kigoda, akaketi, akamulika. Shemeji aliporudi na bomba akakuta mama yake ameshakuwa fundi msaidizi, tena mzuri kuliko yeye. Wakati tunapanga bomba kwenye mpini wa spana, mama akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Marehemu kitu kikizima alikuwa anaanza pale chini ya usukani, kwenye kisanduku."

"Ile ilikuwa redio, mama," shemeji akamjibu. "Hii ni oksijeni."

Akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote, na uzito huo si haba. Kwa muda hapakutokea chochote isipokuwa mishipa ya shingo yake. Halafu ikalia mlio mkali, sensa ikaachia kwa ghafla, na shemeji akatoweka machoni pangu. Nilichokiona kutoka kule chini ni ndala zake zikipaa. Nikasikia kishindo, beseni la spana likapinduka, kisha sauti yake kutoka mbali: "Imetoka! Imetoka!"

"Umeumia?" mama akauliza.

"Imetoka, mama!"

Ilitoka, ila ikaondoka na hesi kadhaa za bomba. Hilo lilitupeleka kutafuta chombo cha kuchongea hesi cha M18 kwa 1.5, tukasafisha tundu taratibu, robo zungusho mbele na kidogo nyuma, mpaka sensa mpya ikaingia kwa mkono. Nilimpita shemeji kwa kuipaka grisi mwenyewe, kwenye hesi tu, mgongo wangu ukiwa upande wake.

Tukafuta zile namba kwa skana. Tukawasha. Taa haikuwaka. Shemeji alizunguka gari akilipigapiga bodi, akasema tukiwa watu wazima tusione haya kukiri vipaji vya wenzetu.

Kompyuta nyingi za magari hazikurupuki. Huwa zinangoja zione kosa lilelile katika safari mbili zinazofuatana ndipo ziwashe taa. Hilo nililijua, lakini namna alivyofurahi, nani angekuwa na moyo wa kulisema?

Safari ya kwanza tulikwenda salama. Safari iliyofuata tulikuwa tunampeleka mama kwa dada yake. Mama kaketi mbele kwa heshima zote, shemeji nyuma katikati, kichwa chake kimechomoza baina ya viti vyetu, anahutubia. Alikuwa amefika mahali pa kulisifu gari lake mwenyewe, kwamba tangu alinunue halijawahi hata siku moja kuwasha taa ya injini, na siri ni matunzo, wala haina siri nyingine.

Ikawaka.

Hotuba ikakatika. Tulikwenda kitambo bila mtu kusema kitu.

"Hiyo taa ndiyo ile?" mama akauliza.

"Hapana, mama," shemeji akasema. "Ile tuliizima. Hii ni nyingine."

Skana haikukubaliana naye: P0135, P0141, P0155, P0161. Zilezile, kwa mpangilio uleule, na mbili kati yake zikilalamikia sensa ambazo bado zilikuwa zinang'aa. Maelezo ya shemeji yalikuwa kwamba zile za nyuma zimeziambukiza mpya.

Nikalipeleka gari kwa fundi. Shemeji akatufuata kwa gari lake ili asije akadhulumiwa sifa, na mkononi ana kifuko chenye masalia ya sensa nzee pamoja na vipande vya nyaya. Fundi alizisoma namba, akakunja uso.

"Zote nne kwa mpigo?"

"Umri mmoja," shemeji akaanza.

Fundi hakungoja. Aliingia chini ya usukani, kwenye kisanduku kilekile cha marehemu, akachomoa fyuzi ya bluu ya ampea 15, akaiinua kwenye mwanga. Kile kijiuzi cha ndani kilikuwa kimekatika katikati. Fyuzi ile moja ndiyo inayolisha hita zote nne. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akaweka nyingine, akafuta namba, na mpaka ninavyoandika haya taa haijarudi.

Niligeuka nimtazame shemeji kwa utulivu wote niliokuwa nimeuhifadhi kwa ajili ya dakika hiyo. Lakini fundi, Mungu amsamehe, alikuwa bado hajamaliza. Aliuliza fyuzi ilikatwa na nini, akamwaga kile kifuko mezani, akachambua nyaya moja moja mpaka akafika kwenye za sensa ya upande wa pili. Waya mmoja wa hita ulikuwa umeyeyuka ngozi, shaba iko uchi. Kibanio chake kilivunjika zamani, waya ukalalia bomba la moshi, ukaungua, na siku ulipogusa chuma fyuzi ikajitoa mhanga.

"Mngeweka fyuzi tu bila kuitoa sensa hii," fundi akasema, "ingekatika tena palepale."

Ungemwona shemeji! Alikua kwa kimo. Akamshika fundi bega, akamwomba arudie maneno hayo polepole, akataka nimpigie mama simu ayasikie. Nilijaribu kukumbusha kwamba sensa ya upande wa wazi ilitolewa ikiwa nzima kabisa, na kwamba mita ilituambia hivyo. Akasema mita ile ni marehemu, na marehemu hasemwi.

Fundi alitusindikiza mpaka nje. Alipofika kwenye gari la shemeji akalinusa upande wa bomba la moshi, akanusa tena, akaomba ufunguo. Hakuwasha injini, alifungua swichi tu. Ndiyo namna ya kulikagua gari: ukifungua swichi, taa zote za dashibodi hujitokeza kwanza kujionyesha. Zikajitokeza, ya oili, ya betri, ya breki. Pale panapokaa ya injini pakabaki giza.

"Ile balbu," shemeji akasema, "niliitoa. Ilikuwa inanichoma macho usiku."