Mguu Wangu na Kuku wa Watu

Mifagio ya siku hizi, bwana! Nimechomoa chelewa moja, nikaipenyeza ndani ya hogo, hili plasta nililofungwa hospitali kwa mguu uliovunjika, nijikune muundi, imekatikia humo humo. Nusu ninayo mkononi, nusu imebaki na mguu. Zamani chelewa za hapa Mikindani ulichomea mishikaki ya pweza. Sasa nawashwa na kuchomwa kwa pamoja, na hospitali nirudi nikaseme nini? Kwamba dokta, naomba nifagiliwe ndani?

Ndiyo unahodha huo. Kila kusi likiwa la kistaarabu, mimi na mama watoto tunapandisha tanga, tunapita Lindi mpaka Kilwa kusalimia ndugu, kisha tunangoja kaskazi liturudishe. Watu husema kwa nini wazee wazima wasipande basi. Basi! Basi lile la magoti kidevuni na gunia la mtu mapajani? Safari hii tumefika usawa wa Sudi, henza, kamba ya kupandishia tanga, ikakatika, foromali, boriti inayobeba tanga, ikashuka, na chini yake nilikuwepo mimi. Mama watoto wala hakupiga ukelele. Alisema, "Damu isifike kwenye mchele," akashika usukani, akatuingiza Sudi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kazunguka dunia yote ile, na sijasikia foromali imemvunja hata kidole.

Maumivu nayavumilia. Wageni ndio siwawezi. Jirani mmoja kaja kapiga picha ya hogo, kaondoka bila kuniuliza hali. Mwingine kaniazima magongo, moja refu moja fupi, nikisimama naonekana namwinamia mtu.

Halafu akaja mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mguu upi?"

Nina hogo moja, jeupe, limelala juu ya kigoda. Nikamwonyesha. Akalikaribia, akaligonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio.

"Umekaa upande," akasema.

"Hospitali wamepiga picha, mjomba. Umenyooka."

"Picha inaonyesha mfupa. Haionyeshi mfupa unataka nini."

Akavuta mkeka, akakaa. Ming'oko ikaletwa, akaila. Chai ikaletwa. Akanihesabia wote waliowahi kuvunjika kuanzia Msimbati hadi Mchinga: huyu akawa kiwete, huyu akaachwa na mke, huyu alipona vizuri kabisa akafa kwa kitu kingine. Ndipo akalitoa lililomleta. Yuko fundi wa mifupa huko bara, Newala, hana haja ya hogo wala picha. Anataka kuku tu. Anamvunja kuku mguu, anamfunga dawa yeye kwanza, na siku kuku akitembea, na wewe unatembea.

"Na kuku asipotembea?"

"Basi mnamla, mnatafuta mwingine."

Na macho yake, nakwambia, yalikuwa uani tayari, kwenye yule tetea mwekundu anayetaga kila siku. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mjomba, aliyevunjika ni huyu. Kuku wangu alikuwepo Sudi?"

"Mwanangu, ni dawa."

"Magofu ya Kilwa yalitiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014. Miaka kumi yameuguzwa, na hakuna kuku aliyevunjwa. Huyu naye atapona."

Nilitaka kusema kwamba mimi si gofu, lakini namna alivyoshika mwiko nikaona ninyamaze. Mjomba akahamia kwenye wali. Alipomaliza, akapangusa ndevu, akalainisha sauti.

"Sasa mjomba, na hiyo mashua italala tu pale mchangani? Korosho zinakaribia. Mtu angeweza kuifanyisha kazi kidogo, mpaka utakapopata nafuu."

Ahaa! Mguu haukuwa shida, kuku hakuwa shida! Nikajiweka sawa, nikakohoa kinahodha, nikaanza, "Mjomba, chombo ni kama…" Mama watoto akanikata: "Chombo kina nahodha. Kesho naondoka nacho alfajiri kwenda Msangamkuu." Ndivyo nilivyopata habari kwamba nimestaafishwa.

Na kweli kaondoka. Jioni amerudi na dagaa, ngozi imepigwa na jua, anacheka, ananieleza upepo ulivyokuwa, mimi! Mimi niliyemfundisha kuujua upepo! Ananiuliza nimeshindaje. Nimeshinda nikitazama dari, mwanamke! Dari ina mabati manne yenye kutu na moja jipya, nayajua yote kwa tabia. Nilifungua redio nisikie hali ya bahari, umeme ukakatika. Gesi inatoka hapo Msimbati, pua na mdomo, bomba limechimbiwa mpaka Dar es Salaam watu wakawashe feni, mimi niliyelala karibu na kisima nakaa gizani na fagio mguuni. Mshumaa nao sikuhizi ukiuliza bei, mwenye duka anakutazama kana kwamba umetaka kumnunua yeye. Juzi nimemtuma mtoto dukani, karudi na njiti za kiberiti zisizowaka na chenji pungufu, anasema eti shilingi nyingine kapewa pipi, na pipi yenyewe kaila njiani, sasa mimi nita…

We! We mtoto! Mbuzi wa nani huyo kwenye tanga langu? Mfukuze! Si huko, anakula upande wa demani! Mama watotooo!