Maswali yetu huishia mlangoni kwa bosi

Kila nikija Dar es Salaam likizo nakutana na kauli ileile: "Wajapani wamezaliwa na nidhamu, sisi hatuwezi." Naishi mkoa wa Aichi, Japani, nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na kauli hiyo imenichosha. Mwaka 1950 bidhaa za Japani zilijulikana kwa bei chee na ubovu. Mwaka huohuo Mmarekani W. Edwards Deming alialikwa kuwafundisha wahandisi na mameneja wao kudhibiti ubora kwa takwimu. Toyota nayo ilikuwa hoi kifedha, wafanyakazi wamegoma, na rais wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Haya wanayoyafanya leo waliyasomea, tena wakiwa na njaa.

Kabla ya kuja huku nilikuwa kiwanda cha plastiki nyumbani. Wateja walipoanza kurudisha ndoo kwa sababu vifuniko vinavuja, kikao kilifunguliwa kwa swali moja: "Nani alikuwa zamu?" Jina likapatikana, mshahara ukakatwa, watu wakatawanyika chai haijapoa. Uamuzi wa haraka, hakuna ubishi. Baada ya muda vifuniko vikavuja tena.

Taiichi Ohno wa Toyota aliwazoeza watu wake kuuliza "kwa nini" mara tano. Tujaribu kwa vifuniko vyetu. Kwa nini vinavuja? Vimejikunja. Kwa nini vimejikunja? Vilitolewa kwenye moldi bado vya moto. Kwa nini moto? Maji ya kupoozea hayakuwa yanazunguka. Kwa nini? Umeme ulikatika, jenereta ikawasha mashine, ila pampu ya maji haikuungwa kwenye jenereta. Na kwa nini haikuungwa? Kuna mkubwa aliyetaka kubana dizeli. Mafundi walilijua hilo, na hata deiwaka, vibarua wa siku wa kubeba mizigo, walilijua. Lakini swali la tano lilikuwa linagonga ofisi ya juu, na hakuna aliyekuwa tayari kupiga hodi.

Huku, kwenye mistari ya kuunganisha magari ya Toyota, kuna kamba. Mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, taa inawaka ubaoni, kiongozi wa kikundi anakuja. Wakiitatua kabla gari halijafika alama ya mwisho ya kituo kile, kazi inaendelea. Wasipoitatua, mstari unasimama. Sisi huwa tunashangaa kamba, mimi nashangaa kwamba aliyeivuta kesho yake yuko kazini na hajakatwa kitu. Deiwaka wetu angeivuta mara moja tu, kesho getini asiitwe. Hata huku, nionavyo mimi, vibarua wanaoletwa na mawakala, wengi wao wageni kama mimi, hufikiri mara mbili kabla ya kunyanyua mkono.

Wala nisiwasifie kupita kiasi. Uamuzi wa huku unachosha. Pendekezo linazungushwa mtu kwa mtu kabla ya kikao, kisha karatasi inakusanya mihuri, na kuhamisha rafu tu kunaweza kula wiki kadhaa. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, angekuwa ameshaichomelea mchana, na ingesimama.

Na woga wa wakubwa upo pia. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota, ilisimamisha kupeleka magari yake yote sokoni baada ya kamati huru kukuta udanganyifu 174 kwenye majaribio, mwingine wa tangu 1989. Kamati ilitaja ratiba za kuunda magari zilizobana mno, na mazingira ambamo walio chini hawakuweza kusema muda hautoshi. Hao ni watu wa kamba, na wenyewe maswali yao yalikwama palepale yetu yanapokwama.

Ndiyo maana sikubali hoja ya kuzaliwa. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mfumo wa S tano, wa kupanga na kutunza mahali pa kazi, mwaka 2007 kwa msaada wa Wajapani, ikawa ya mfano, wengine wakaenda kujifunza pale. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia: bango hilo siku hizi liko kwenye kuta nyingi nchini. Kupanga faili tumeweza. Kazi ngumu ni inayofuata, ya mtu wa zamu kuuliza kwa nini kifaa kimeisha tena mwezi huu na swali lake lisihesabiwe utovu wa adabu.

Juzi rafiki yangu, msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kimoja huko nyumbani, ameniomba nimtumie mafunzo ya ubora, mkurugenzi wao ameyataka. Nimemjibu kwamba mafunzo yapo tele kwenye intaneti. Kwanza aombe barua, yenye sahihi ya mkurugenzi, kuwa mwendesha mashine akisimamisha uzalishaji kwa kasoro hakatwi hata senti, awe wa ajira au deiwaka. Amecheka sana. Ananiambia mkurugenzi anataka mabango kwanza.